Kupunguziwa mshahara si sawa na kupangiwa mkataba upya: mwongozo kamili wa kusoma mikataba ya NFL chini ya kikomo cha mishahara

Kila mwaka ifikapo mwezi Machi, habari za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, hujaa taarifa kwamba mchezaji fulani amekubali kupunguza mshahara ili kuisaidia klabu yake. Mara nyingi taarifa hizo si za kweli. Mchezaji huyo hakupoteza hata senti moja. Amelipwa pesa zilezile mapema zaidi na kwa mkupuo, huku klabu ikijiandikia deni la miaka ijayo. Wakati huohuo, katika klabu hiyohiyo, huenda mlinzi wa miaka 31 ambaye hakuna anayemwandika ameitwa ofisini na kutakiwa achague kati ya kupoteza sehemu kubwa ya mshahara wake na kutemwa. Huyo ndiye aliyepunguziwa, na mwongozo huu umeandikwa kwanza kwa ajili yake na kwa ajili ya familia yake, kisha kwa ajili ya shabiki anayetaka kujua kilichotokea kweli.

Nina sababu ya kuitaja familia. Tangu Daniel Adongo, Mkenya aliyetokea kwenye raga, alipoingia uwanjani na Indianapolis Colts mwezi Desemba 2013, ligi hii si ya watu wa mbali tena kwetu. Kijana anapopata mkataba kule, ushauri hutafutwa kwa wazazi, kwa kaka na kwa mjomba, na hao wote hukutana na hesabu ambazo hazifanani na za soka tuliyoizoea.

Hatua ya kwanza: fungua madaftari mawili

Kikomo cha mishahara ni kiwango cha juu ambacho klabu inaruhusiwa kuandikiwa kwa ajili ya wachezaji wake katika mwaka mmoja wa ligi. Kilianza mwaka 1994 kikiwa dola milioni 34.6, na mwaka 2025 kilifika dola milioni 279.2 kwa kila moja ya klabu 32, iwe ya mji mkubwa au mdogo. Kiwango hicho hutokana na mapato ya ligi, kwa mujibu wa makubaliano ya pamoja kati ya wamiliki na chama cha wachezaji, NFLPA, yaliyotiwa saini mwaka 2020 na yatakayodumu hadi msimu wa 2030. Mapato yakishuka, kikomo nacho kinaweza kushuka. Viwanja vilipokaa bila mashabiki kwa sababu ya janga la UVIKO-19, kiwango kilitoka dola milioni 198.2 mwaka 2020 hadi milioni 182.5 mwaka 2021, na mwaka huo ndio uliofundisha wengi maana ya kupangiwa mkataba upya.

Msomaji wa soka atakumbuka yaliyoikuta Barcelona mwaka 2021, pale Gerard Piqué alipokubali kupunguziwa mshahara ili klabu iweze kuwaandikisha wachezaji wapya. Tofauti ni kwamba nchini Hispania kila klabu hupewa kiwango chake kulingana na hali yake ya kifedha, ilhali katika NFL kiwango ni kimoja kwa wote na hakuna faini ya kulipa ili uruhusiwe kukivuka. Klabu ikibakiza nafasi mwaka huu, inaweza kuihamishia mwaka unaofuata.

Jambo la kushika kuliko yote ni hili: kila mkataba huandikwa katika madaftari mawili. La kwanza ni daftari la fedha taslimu, linaloonyesha ni kiasi gani kimeingia kwenye akaunti ya mchezaji na lini. La pili ni daftari la kikomo, linaloonyesha ni kiasi gani klabu imeandikiwa mwaka huo. Madaftari haya hayalingani mwaka kwa mwaka. Mshahara wa msingi huandikwa wote katika mwaka unaolipwa, lakini bonasi ya kusaini, hata ikiwa imelipwa yote siku moja, hugawanywa sawasawa katika miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Mchezaji ajiulize kwanza daftari la fedha taslimu linasema nini. Klabu itamzungumzia daftari la kikomo, kwa kuwa hilo ndilo linaloiumiza, na ukiyachanganya hayo mawili utakubali hasara huku ukidhani unafanya hesabu.

Hatua ya pili: uandike mkataba wako kwenye karatasi

Usitegemee jumla inayotangazwa. Chukua karatasi, chora safu moja kwa kila mwaka, kisha andika mshahara wa msingi, fungu la bonasi, na jumla yake, ambayo ndiyo mzigo wa mwaka huo kwenye kikomo. Nitatumia mfano wa kubuni ambao tutatembea nao hadi mwisho. Mlinzi ambaye kazi yake ni kumwinda kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, ana mkataba wa miaka minne. Alipewa bonasi ya kusaini ya dola milioni 20, kwa hiyo kila mwaka unabeba milioni 5. Mshahara wake wa msingi ni milioni 2 mwaka wa kwanza, milioni 10 mwaka wa pili, milioni 15 mwaka wa tatu, na milioni 16 mwaka wa nne. Mzigo wake kwenye kikomo basi ni milioni 7, kisha 15, kisha 20, kisha 21, na jumla yote ni milioni 63.

Sasa ongeza safu ambayo wengi huisahau: ni kiasi gani kimedhaminiwa, na kwa namna gani. Dhamana kamili hulipwa hata kama mchezaji atatemwa kwa kushuka kiwango au kwa sababu klabu inatafuta nafasi kwenye kikomo. Dhamana ya majeraha pekee humlinda tu ikiwa ameumia na hawezi kufaulu vipimo vya daktari. Mlinzi wetu alidhaminiwa mishahara ya miaka miwili ya kwanza tu. Anaingia mwaka wa tatu akiwa na milioni 15 zilizoandikwa kwa wino lakini zisizo na ulinzi wowote, na hapo ndipo simu ya klabu hulia.

Hatua ya tatu: kokotoa fedha mfu

Kabla ya kujibu simu hiyo, jua klabu itaokoa kiasi gani ikikutema. Mchezaji akiondolewa, mshahara usiodhaminiwa hufutika, lakini mafungu yote ya bonasi yaliyobaki hukusanywa na kuandikwa kwenye kikomo mara moja. Hizo ndizo fedha mfu: mzigo wa mtu ambaye hachezi tena. Mlinzi wetu akitemwa mwanzoni mwa mwaka wa tatu, yamebaki mafungu mawili ya milioni 5. Klabu itabeba milioni 10 za fedha mfu badala ya mzigo wa milioni 20, hivyo itaokoa milioni 10.

Kuna njia ya pili. Klabu inaruhusiwa kuwachagua wachezaji hadi wawili, ikawatema mapema lakini wakahesabiwa kama waliotemwa baada ya Juni 1. Hapo fungu la mwaka huu, milioni 5, huandikwa mwaka huu, na lililobaki huhamia mwaka ujao. Klabu huokoa milioni 15 badala ya 10, ila nafasi hiyo haipatikani hadi Juni, wakati soko la wachezaji wakubwa limeshakwisha.

Fedha mfu zinaweza kuwa kubwa ajabu. Denver Broncos walimpa kwotabeki Russell Wilson mkataba wa nyongeza wa zaidi ya dola milioni 240 mwezi Septemba 2022, wakamtema mwezi Machi 2024 baada ya misimu miwili tu, na wakabeba dola milioni 85 za fedha mfu: milioni 53 mwaka 2024 na milioni 32 mwaka 2025. Klabu iliona heri kubeba mzigo huo kuliko kuendelea naye. Kwa hiyo fedha mfu ni kinga ya mchezaji, lakini si ukuta. Klabu iliyokata tamaa huuruka.

Hatua ya nne: tambua upangaji upya wa kawaida

Upangaji upya wa kawaida ni kuuchukua mshahara wa msingi wa mwaka huu, kumwachia mchezaji kiasi kisichopungua kima cha chini cha ligi, na kuigeuza sehemu iliyobaki kuwa bonasi ya kusaini. Kima hicho hutegemea miaka ya utumishi. Mwaka 2025 kilikuwa dola 840,000 kwa anayeanza, na dola milioni 1.255 kwa aliyetimiza miaka saba au zaidi.

Mrudie mlinzi wetu. Katika milioni 15 za mwaka wa tatu, klabu inageuza milioni 13 kuwa bonasi na kumwachia mshahara wa milioni 2. Bonasi hiyo inagawanywa kwa miaka miwili iliyobaki, milioni 6.5 kila mwaka. Mzigo wa mwaka wa tatu unashuka kutoka milioni 20 hadi 13.5, na wa mwaka wa nne unapanda kutoka 21 hadi 27.5. Katika daftari la fedha taslimu, mchezaji bado anapata milioni 15 zilezile. Tena sasa milioni 13 kati ya hizo hazimtegemei kocha wala goti lake. Zilikuwa ahadi isiyodhaminiwa, zimekuwa bonasi yake.

Ndiyo maana mikataba mingi ya wachezaji wakubwa ina kipengele kinachoiruhusu klabu kufanya ugeuzaji huu bila hata kumwomba mchezaji ridhaa mpya. Kansas City Chiefs walipohitaji nafasi mwezi Machi 2021, waliigeuza bonasi ya kikosi ya Patrick Mahomes, yaani ile inayolipwa mchezaji akiwa bado kikosini tarehe fulani, ya dola milioni 21.7, kuwa bonasi ya kusaini. Ilipogawanywa kwa miaka mitano, klabu ilipata nafasi ya takriban milioni 17 mwaka huo, naye Mahomes hakupoteza kitu. Ukisoma mahali kwamba mchezaji "amejitolea" kwa njia hii, jua mwandishi hakulifungua daftari la kwanza.

Hata hivyo si zawadi tupu, na wakala mwema humweleza mteja wake mambo mawili. La kwanza ni kwamba mzigo wa mwaka unaofuata unavimba, na mzigo uliovimba huvutia macho. Mwakani klabu itakuja tena, na safari hiyo huenda isije na mkono mwepesi. La pili linamhusu anayefikiria kustaafu. Mchezaji akistaafu kabla mkataba haujaisha, klabu inaweza kudai sehemu ya bonasi ambayo miaka yake haijatimia. Barry Sanders alipoacha kucheza mwaka 1999, msuluhishi aliamua airudishie Detroit Lions sehemu ya bonasi yake. Andrew Luck alipostaafu mwaka 2019, Indianapolis Colts walimwachia takriban dola milioni 24.8 ambazo wangeweza kuzidai. Huo ulikuwa uungwana wa klabu, nao haudaiwi mahakamani. Mwenye nia ya kustaafu asigeuze mshahara kuwa bonasi kabla ya kulisema jambo hilo mezani na kuliandika.

Hatua ya tano: kagua kama kuna miaka hewa

Wasomaji wa Tanzania wanawajua wafanyakazi hewa, majina yaliyo kwenye orodha ya malipo bila mtu nyuma yake. Mikataba ya NFL ina miaka ya namna hiyo. Ni miaka inayoongezwa mwishoni mwa mkataba, ambayo mchezaji hatarajiwi kuicheza na ambayo hujifuta yenyewe tarehe fulani, lakini inaisaidia klabu kuigawa bonasi katika mafungu mengi zaidi.

Mlinzi wetu akiongezewa miaka hewa mitatu, zile milioni 13 hugawanywa kwa mitano, yaani milioni 2.6 kila mwaka. Mzigo wa mwaka wa tatu unashuka hadi milioni 9.6, na wa mwaka wa nne unakuwa 23.6. Mkataba unapojifuta baada ya mwaka wa nne, mafungu matatu ya mwisho, milioni 7.8, huangukia kwenye kikomo kwa pamoja. Tampa Bay Buccaneers waliyaona hayo mwaka 2023, walipobeba takriban dola milioni 35.1 kwa ajili ya Tom Brady ambaye alikuwa ameshastaafu.

Tazama sasa jambo ambalo mchezaji hulipuuza. Bila mabadiliko yoyote, kama klabu ingemtema mlinzi wetu mwanzoni mwa mwaka wa nne, ingebeba milioni 5 na kuokoa milioni 16. Baada ya miaka hewa, kumtema kutaiachia klabu fedha mfu za milioni 15.4, na itaokoa milioni 8.2 tu. Miaka hewa imemwongezea nguvu katika mazungumzo ya mwakani, na hakuna aliyemwambia. Ninaona hili ndilo jambo lenye thamani kubwa zaidi ambalo klabu humpa mchezaji bila kukusudia, na mchezaji anayelijua hawi mwepesi kuogopa vitisho vya mwaka wa nne.

Hatua ya sita: wanapotaka kukupunguzia kweli

Hapa ndipo moyo wa jambo ulipo. Kupunguziwa mshahara ni kule ambako daftari la fedha taslimu lenyewe linapungua. Hakuna klabu inayoweza kufanya hivyo bila saini ya mchezaji. Inachoweza kufanya ni kusema: kubali au tutakutema. Mazungumzo hufanywa na mchezaji mwenyewe au wakala aliyeidhinishwa na NFLPA. Mjomba anaweza kushauri nyumbani, lakini haruhusiwi kuijadili pesa na klabu.

Andika tarakimu tatu. Ya kwanza ni unachoshikilia: milioni 15, zisizodhaminiwa. Ya pili ni kile ambacho klabu itaokoa kweli ikikutema. Tulisema milioni 10, lakini klabu inahitaji mtu wa kujaza nafasi yako. Ikiwa mlinzi wa kushika nafasi yako anagharimu milioni 6, inabaki kuokoa milioni 4 tu, na inapata mchezaji asiyejua mfumo wake. Ya tatu ni kile ambacho klabu nyingine ingekulipa ukiachwa huru leo. Hii ndiyo tarakimu ngumu kuliko zote, kwa sababu mchezaji huipima kwa kumbukumbu za msimu wake bora, ilhali soko huipima kwa umri wake, kwa idadi ya mechi alizokosa, na kwa picha za goti lake. Wakala anayekuambia unachotaka kusikia kuhusu tarakimu ya tatu anakudhuru.

Tuseme soko lingempa mlinzi wetu milioni 7. Klabu inaanza kwa kumtaka ashuke hadi milioni 6. Asikubali, kwa kuwa soko linampa zaidi. Wala asishikilie 15, maana akiachwa atapata 7. Penye nafasi ya makubaliano ni kati ya 7 na 11, na jibu linaloweza kutetewa ni hili: milioni 9, zote zikiwa na dhamana kamili kuanzia siku ya kusaini, pamoja na motisha ya hadi milioni 3. Mzigo wa klabu unashuka kutoka milioni 20 hadi 14, yaani inaokoa 6, zaidi ya zile 4. Mchezaji amepoteza milioni 6 za ahadi na kupata milioni 9 za uhakika. Ni hasara, na isiitwe jina lingine. Lakini ni hasara iliyonunua kitu.

Sharti langu kwa hatua hii ni moja, na silioni likibadilika: mchezaji asipunguze dola bila kupata dhamana. Akiukubali mshahara mdogo usiodhaminiwa mwezi Machi, klabu inaweza kumtema mwezi Agosti, wakati timu zote zimeshajaza vikosi na kumaliza pesa. Amepoteza mshahara, kisha amepoteza soko. Kama klabu haitaki kudhamini, mchezaji aombe aachwe huru mapema, mwezi Machi, kukiwa bado na wanunuzi.

Mchezaji mwenye miaka minne au zaidi ya utumishi na aliye kikosini katika mechi ya kwanza ya msimu ana kinga nyingine katika makubaliano ya pamoja: akitemwa baada ya hapo anaweza kudai salio la mshahara wa msimu huo, lakini haki hiyo hutumika mara moja tu katika maisha yake ya uchezaji.

Mifano ya kweli inaonyesha jinsi maneno yaleyale yanavyoweza kubeba mambo tofauti. Ben Roethlisberger wa Pittsburgh Steelers, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 39 mwezi Machi 2021, alikubali kushuka kutoka dola milioni 19 hadi 14. Huko kulikuwa kupunguziwa kweli, milioni 5 zikatoweka. Na papo hapo klabu ikatumia miaka hewa kuushusha mzigo wake kutoka milioni 41.25 hadi karibu milioni 26. Mkataba mmoja, mbinu zote mbili. Drew Brees wa New Orleans Saints aliushusha mshahara wake wa msingi mwaka huohuo kutoka dola milioni 25 hadi milioni 1.075, na wengi walishangilia kujitoa kwake. Lakini Brees alikuwa anastaafu. Karatasi zake za kustaafu zilicheleweshwa hadi baada ya Juni 1 ili fedha mfu zigawanyike katika miaka miwili, na mshahara mkubwa wa miezi ile ya kusubiri ungeikwamisha klabu. Aliitendea wema klabu yake. Ila hakuacha pesa ambazo angezipata kwa kucheza.

Aaron Rodgers naye, mwezi Julai 2023, aliacha takriban dola milioni 35 zilizokuwa zimedhaminiwa ili New York Jets wapate nafasi ya kujenga timu, akabaki na milioni 75 zilizodhaminiwa kwa miaka miwili. Mwezi Septemba alipasuka kano ya kisigino katika mechi yake ya kwanza, mpira ukiwa umeanzishwa kwake mara ya nne tu. Zile milioni 75 zilisimama. Zile 35 hazikurudi.

Kisa cha Wilson kina funzo la namna ya peke yake. Mwishoni mwa 2023, Wilson alieleza hadharani kwamba klabu ilimtaka aisogeze mbele tarehe ya dhamana ya majeraha ya mshahara wa 2025, la sivyo angewekwa benchi. Hakukubali. Akawekwa benchi mechi mbili za mwisho, akatemwa mwezi Machi, na bado alilipwa dola milioni 39 za mwaka 2024 zilizokuwa zimedhaminiwa. Steelers, waliomchukua baada ya hapo, walimlipa kima cha chini, dola milioni 1.21, na Broncos wakalipa milioni 37.79 zilizobaki. Kumbe hata tarehe ni pesa. Anayeombwa asogeze tarehe ya dhamana anaombwa kupunguza mshahara, hata kama hakuna tarakimu iliyobadilika kwenye mkataba.

Hatua ya saba: motisha ziandikwe kwa vipimo vyako

Klabu hupenda kurudisha kwa motisha kile ilichokipunguza. Motisha ambayo mchezaji angeitimiza kwa takwimu za msimu uliopita huitwa inayotarajiwa, na huandikwa kwenye kikomo mara moja. Ile ambayo asingeitimiza huitwa isiyotarajiwa, nayo huandikwa mwaka unaofuata ikiwa imetimizwa. Mlinzi wetu aliwaangusha makwotabeki mara 6 msimu uliopita. Klabu itapendekeza motisha ya kuangusha mara 10, ambayo haiigharimu nafasi yoyote leo. Yeye aombe ngazi: kiasi fulani akifika 7, zaidi akifika 8, na zaidi akifika 9. Zote bado hazitarajiwi, hivyo klabu haipotezi kitu mwaka huu, lakini kwake zina uwezekano wa kweli.

Aepuke motisha za asilimia ya muda uwanjani endapo nafasi yake inagombewa, kwa kuwa hizo ziko mikononi mwa kocha, na kocha huajiriwa na klabu ileile. Aliyewahi kukaa benchi mechi ya mwisho akiwa hatua moja tu kabla ya malipo hahitaji kuelezwa.

Hatua ya nane: fuata kalenda

Mwaka mpya wa ligi huanza katikati ya Machi, saa 10 jioni kwa saa za New York, ambayo ni saa 5 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Kufikia dakika hiyo kila klabu lazima iwe chini ya kikomo, ikihesabiwa mikataba 51 mizito zaidi. Siku kumi kabla yake ndizo klabu huwa na haraka, na mwenye haraka hulipa. Chunguza pia mkataba wako kama una bonasi ya kikosi au dhamana inayoanza siku ya tatu au ya tano ya mwaka wa ligi. Siku hiyo ndiyo mwisho wa klabu kuamua, na ofa nyingi za kupunguza hufika siku chache kabla yake. Kwa aliyeingia ligi kupitia uteuzi wa chipukizi, mkataba wake wa kwanza haufunguliwi kabla ya msimu wa tatu kumalizika, kwa hiyo asiruhusu mtu kumsumbua na mapendekezo kabla ya wakati huo.

Hatua ya tisa: kabla ya kalamu kugusa karatasi

Soma maandishi yenyewe, si ujumbe wa simu wa wakala. Hakikisha neno la dhamana linataja kiwango cha uchezaji, nafasi kwenye kikomo, na majeraha, yote matatu. Likitaja majeraha peke yake, umepewa theluthi. Angalia tarehe ambayo dhamana inaanza, na kama ni ya baadaye, uliza kwa nini si leo. Angalia kama kuna kipengele cha kukatana, kile kilichowawezesha Broncos kutoa malipo ya Steelers katika deni lao kwa Wilson. Kikiondolewa, malipo ya klabu mpya yanakuwa nyongeza yako. Angalia tarehe ya kulipwa kwa bonasi iliyogeuzwa, kwa kuwa klabu nyingine huigawa katika awamu mbili au tatu na kumfanya mchezaji angoje hadi mwisho wa mwaka pesa alizodhani ni za wiki ijayo. Angalia kipengele cha kurudisha bonasi: sababu zipi zinaipa klabu haki ya kudai, na zipi haziipi. Angalia ada ya wakala, ambayo kwa kanuni za NFLPA haizidi asilimia 3, na muulize waziwazi anatoza nini kwa mkataba ambao umekupunguzia.

Kisha rudi kwenye karatasi yako ya hatua ya pili, chora safu upya kwa tarakimu mpya, na uziweke karatasi hizo mbili sambamba. Kama jumla ya fedha taslimu ni ileile, umepangiwa upya. Kama imepungua, pima kilichopungua kwa dhamana iliyoongezeka, na ikiwa safu ya dhamana haikusogea, mrudishie wakala karatasi bila saini.